Hatua Sita

Siku niliyokabidhiwa ubao wa soko la Mwaloni
niliandika kama mtu anayehutubia.
Nikaujaza kona hadi kona,
nikaanza na "Ndugu wateja na wadau wa soko letu tukufu,"
nikafunga kwa methali mbili, moja ya Kisukuma,
na bei ya dagaa nikaiacha katikati
kama mwiba ndani ya tonge.

Nikakaa kando ya mizani kungoja sifa.
Korongo akaja, akasimama mbele ya ubao,
akatafakari, akanyea pembeni, akaondoka.
Huyo ndiye pekee aliyenifikia hadi nukta.

Nikamuuliza Lushinge, mpagazi: umeona nilichoandika?
Alikuwa na gunia kichwani, shingo imekaza.
"Mimi sigeuzi kichwa," alisema akipita.
"Kichwa si changu mpaka nifike kwenye lori."

Nikamfuata nyuma nikihesabu.
Tangu ubao unapochomoza, pale kwenye meza ya Nyanjige,
hadi unapopotelea nyuma ya sikio lake:
hatua sita.
Hatua sita za mtu mwenye haraka na mzigo,
ndizo shamba langu lote.

Basi usiku, kule Kitangiri,
taa nikiwa nimeitegesha juu ya jabali lililoingia hadi sebuleni
kwa kuwa baba alishindwa kulipasua akajenga hivyo hivyo,
nachukua risiti za zamani, nazigeuza mgongo,
najiuliza: nani?
Si "umma". Ni Lushinge.
Ni Nyanjige asiye na miwani.
Ni yule mama wa Ukara anayesoma kwa kidole,
na kidole chake hakifiki juu ya ubao.
Wanataka kujua nini kabla jua halijawaka?
Kisha nakata.

Nakata "ndugu". Nakata "tukufu"; linalia kidogo, nalikata.
"Hivyo basi" nililipenda kama mtoto wa dada;
nalo nje.
Yanayobaki nayapanga kama furu kichanjani,
wakubwa wasiwafunike wadogo,
hewa ipate pa kupita, ama wote waoze pamoja.

Bei juu, kimo cha macho ya asiyeweza kuinama.
Upepo chini yake.
Chini kabisa, pa kidole,
nani anauza kamba, mtumbwi gani una nafasi ya kurudi Ukara.
Na kila siku, hata nikiwa na homa, kabla ya adhana,
maana ubao ukilala siku moja
kesho yake watu hupita bila kutupa jicho.

Halafu Jumanne moja, tisa nikaiandika saba.

Nyanjige aliuza madebe kumi na manne kwa elfu saba saba.
Mnunuzi hakubishana hata kidogo; hapo ndipo aliposhtuka.
Hakunitukana.
Aliosha sinia lake, akaliosha tena.

Usiku ule karatasi zilijaa sababu:
giza, baridi ya ziwa, chaki yenye mchanga,
jenereta la jirani lililonipotezea hesabu.
Nikazikata moja moja, kama nilivyojizoeza,
na kukata kulipokwisha
palibaki maneno manne.

JANA NILIKOSEA. NYANJIGE, SAMAHANI.

Nikayaandika pale pa bei, kimo kile kile.
Bei nikaishusha chini, ingoje zamu yake.

Lushinge akatokea na gunia. Hatua ya kwanza, ya pili.
Ya nne akasimama.
Akalishusha, mimi sijawahi kuliona likishuka kabla ya lori,
akasoma, midomo ikitembea,
akarudia.
"Na kesho utaandika nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chaki,
na risiti tupu mfukoni,
na Nyanjige anakuja na kitambaa kibichi mkononi
kufuta, nilidhani, jina lake.

Alifuta kile cha korongo tu, pembeni.